Radi ya kwa Mwanvita

Wageni kutoka Kisaki walikuwa wamekwisha kuketi mkekani, sinia la mahari limefunikwa kanga mpya katikati yao, wakati wingu lilipokuja kukaa juu ya mlima. Mwanvita aliliona kupitia dirisha la jikoni, akaendelea kupakua pilau. Mvua ya masika haikuwa habari kwake. Nyumba hiyo na shamba lililoizunguka alirithi kwa mama yake, kama mama yake alivyorithi kwa bibi, na kama mvua ingekuwa inazuia shughuli, basi Matombo nzima pasingekuwa na mtu aliyeolewa.

"Wanawishe wageni," alimwambia mumewe, Abeid, aliyesimama mlangoni akihangaika na kofia yake. "Na uache kutetemeka. Anayeolewa ni Hidaya, siyo wewe."

Abeid akacheka, akatoka na birika na beseni.

Mkubwa wa msafara alikuwa Mwajuma, shangazi yake bwana harusi. Abdulatif alifiwa na mama yake angali mdogo, na Mwajuma ndiye aliyemlea na kumpeleka kujifunza ufundi, hadi leo ana karakana yake ya useremala Morogoro mjini. Huko ndiko alikokutana na Hidaya, binti wa Mwanvita, aliyekwenda kuagiza meza ya kuuzia ndizi na pilipili manga sokoni. Meza hiyo ilichukua muda mrefu mno kukamilika, kwa sababu fundi hakutaka mteja aache kuja kuiulizia. Leo Mwajuma alikuwa amekuja kumaliza maneno, yeye na wazee wawili na mshenga wao, Salum, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anakohoa ili aanze kusema.

Radi ya kwanza ilimulika mbali, upande wa msituni. Macho ya watu yalikuwa hayajatulia bado pale ncha ya mnara wa simu, ulioko kilimani nyuma ya nyumba, ilipowaka. Mwanga haukushuka. Ulitoka kwenye mnara ukapanda, ukajigawa matawi huko juu, na matawi nayo yakazaa matawi, mpaka wingu zima likaonekana kama limeoteshewa mti wa moto. Kisha ukaja mngurumo, na vikombe vikagongana kwenye sinia.

Mwajuma alikuwa amekwisha simama.

"Imetoka chini! Mmeona? Imetoka chini, shambani kwa watu!"

"Ni mnara huo, dada," alisema Mwanvita akitokea na sahani ya pilau, kwa sauti ya mtu anayewaeleza wageni kuhusu mbwa wa jirani anayependa kubweka. "Huwa unafanya hivyo. Mafundi wake walishatwambia, mnara ukiwa mrefu tena uko mlimani, kuna radi inaanzia pale pale kwake kwenda juu. Karibuni chakula."

"Mimi nimezaliwa naona radi inashuka," Mwajuma akajibu. "Inayopanda ina mtu wa kuipandisha."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja, ambaye alikuwa tayari amenawa mikono, aliifuta kwenye kanzu taratibu. Salum aliinama, akaliinua lile sinia la mahari pamoja na kanga yake, bila kumtazama mtu usoni. Abeid alibaki ameshika birika. Wageni wakavaa viatu, wakatoka kwenye mvua kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua, na Mwanvita akasimama mlangoni na sahani yake mkononi, pilau ikiendelea kutoa mvuke.

Ndani, akina mama waliokuja kushangilia walikuwa wamevishikilia vigelegele midomoni. Walimtazama Hidaya, wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba wameacha kitu nyumbani.

*

Habari zilifika sokoni kabla ya ndizi za Mwanvita. Watu walianza kuiita radi ya kwa Mwanvita, kama mtu anavyosema maandazi ya kwa fulani. Wateja wake wa siku zote walizipapasa ndizi, wakaulizia bei waliyokuwa wanaijua, wakaenda kununua kwenye meza ya pili. Jirani yake wa pale sokoni, Paskalia, Mkatoliki wa kule misheni, alikuwa peke yake katika kununua mkungu mzima mbele ya watu. Aliubeba kichwani akazunguka nao soko zima.

"Mbona unazunguka?" Mwanvita alimuuliza.

"Nataka wauone," Paskalia akasema. "Nikifa kesho watajua zilikuwa ndizi. Nisipokufa watajua ni wajinga."

Mwanvita alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini jioni Salum alirudi na masharti, na masharti hayakuwa ya kuchekesha.

Ndoa ingeweza kuendelea, alisema Salum akiwa ameketi kwenye ncha ya kiti. Bibi Mwajuma hana ugomvi na binti. Ila kuna mganga huko kwao, mtu mzima, anaheshimika. Atakuja kuizingua nyumba na shamba, hasa pale penye mnara. Na mwenye shamba mwenyewe...

"Sema tu, Bwana Salum. Umetoka mbali."

"Aogeshwe dawa, dada. Na anyolewe nywele. Mbele ya watu, ili kila mtu ashuhudie kwamba yamekwisha."

Abeid alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Salum alipoondoka, ndipo aliposema kwa upole, "Nywele zinaota, mama Hidaya."

"Nywele zitaota. Na jina?"

"Ni maji tu na wembe."

"Abeid, mtu asiyeiba haendi polisi kurudisha mali. Nikikubali kunyolewa nimekiri. Na nikikiri mimi, amekiri Hidaya, kwa sababu uchawi wanasema mama humwachia binti, kama shamba."

Hidaya alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Alitoka macho yamemvimba. Abdulatif alimpigia simu mchana akamwambia yeye hajali radi, ipande ishuke, lakini aliyemlea ni shangazi yake na hawezi kuoa bila baraka zake.

"Mama," alisema Hidaya, "kwa ajili yangu tu. Mara moja. Nitanyoa na mimi ili usiwe peke yako."

Hilo lilimwingia Mwanvita kuliko yote. Alimvuta binti yake akamkalisha ubavuni, akamshika kichwa, nywele alizozisuka kwa mikono yake mwenyewe kwa ajili ya ile siku.

"Ningeombwa figo ningetoa," alimwambia. "Hili sitoi. Na utaolewa."

"Utafanyaje?"

"Sijui bado. Lakini utaolewa, na kichwa changu kikiwa na nywele zake."

*

Alipompigia Mwajuma, alikuwa amekusudia kusema kwa adabu. Walianza kwa kuulizana afya, mvua, mashamba. Kisha Mwajuma akauliza mganga apangiwe siku gani, na Mwanvita akasema hapatakuwa na mganga.

"Basi hapatakuwa na harusi."

"Dada, ulikaa kwenye baraza yangu. Ulimwona mtu amesimama shambani anaita radi?"

"Wenyewe hawasimami. Wanapakua pilau."

Mwanvita alihisi damu imempanda mpaka masikioni. "Sikiliza, Mwajuma," alisema, akiwa ameliacha nyuma neno dada. "Mvua haziishii Matombo. Hata huko kwako zinakuja. Zikija, utajua radi haina mwenyewe. Utaona!"

Akakata simu. Hakujua kwamba upande wa pili simu ilikuwa imefunguliwa sauti, na kwamba nyumba nzima na majirani wawili walikuwa wanasikiliza. Abeid, aliyekuwa anachonga mpini wa jembe, aliinua kichwa.

"Hayo maneno ya mwisho," alisema.

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Mungu aepushe tu."

Mungu hakuepusha. Kabla wiki haijaisha, dhoruba iliyotokea upande wa mto ilishuka juu ya Kisaki. Radi moja, ya kutoka mawinguni kama radi zote anazozijua Mwajuma, iliupiga mti wa mvumo uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Iliupasua kutoka kileleni mpaka shinani, ikawaua mbuzi waliojikinga chini yake, na kuti lililokuwa linawaka likaangukia paa la nyasi la jiko. Mwajuma alikuwa ndani anakoroga uji. Alitoka hai, lakini mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na jiko likawa majivu.

*

Mwanvita alizipata habari kwa namna ya ajabu. Alikwenda mashine na debe lake la mahindi, akakuta foleni inafika nje. Akashusha debe mwishoni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka, akamwona, akasogea pembeni.

"Pita, mama."

"Nipite niende wapi? Si umenitangulia?"

"Pita tu, mama. Hatuna haraka."

Na wa mbele yake akasogea, na wa mbele ya huyo, mpaka foleni yote ikafunguka kama pazia. Kijana wa mashine alimwaga mahindi yake kwanza, akakung'uta mfuko wa unga mara mbili asije akasahau hata punje, na alipoulizwa bei akasema, siku nyingine. Mwanvita aliweka hela mezani kwa nguvu. Mtu hakuichukua mpaka alipotoka. Nje ndipo mtoto mmoja alipomwonyesha mwenzake kwa kidole, akanong'ona kwamba huyo ndiye radi yake imemuunguza Mwajuma huko Kisaki, na mama yake akamziba mdomo.

Siku zile walipokataa ndizi zake alikasirika. Safari hii aliona baridi. Alirudi nyumbani na unga kichwani, na watu aliokutana nao njiani, wengine wa umri wake, wengine waliocheza naye utotoni, walimwamkia shikamoo.

Nyumbani alimkuta Salum. Sinia la mahari lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kanga, limeinuka zaidi kuliko lilivyokuwa mwanzo.

"Shikamoo, mama," alisema Salum, mtu aliyekuwa amemzidi Mwanvita miaka.

"Salum, usinivunjie adabu. Shikamoo wewe."

"Bibi Mwajuma anasalimia sana. Anasema masharti yote yamefutwa. Ndoa iwe siku mnayotaka ninyi, hata kesho. Na anasema," akameza mate, "kama kuna neno lililokukwaza, msamaha wake ni huu hapa."

Hidaya alikuwa amesimama kwenye kona, uso wote umefunguka kama ua. Abeid alikuwa ameanza hata kutabasamu. Mwanvita alitua unga. Alilitazama sinia, akaenda akaliinua mwenyewe, akamwekea Salum mikononi.

"Mrudishie."

"Mama!" Hidaya akapiga kelele.

"Mwambie nimepokea salamu, na kuungua kwake kumeniuma. Sinia sitalipokea."

Salum aliondoka akitembea kinyumenyume mpaka uani. Mlango ulipofungwa, Hidaya alimgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamfokea.

"Si wamekubali? Umeshinda! Ulitaka nini tena?"

"Wamekubali kwa woga."

"Woga wao unatuhusu nini? Mimi ninayemtaka ni Abdulatif, na yeye haogopi!"

"Yeye ni mmoja, wao ni ukoo," alisema Mwanvita. "Kaa nikwambie. Leo wananiogopa, wanakupa mume. Utaingia kule, watakupikia, watakuamkia, hakuna atakayekujibu vibaya. Utadhani ni heshima. Halafu mwaka mmoja mpunga utakauka. Ng'ombe atakufa. Mzee ataamka mguu umekufa ganzi. Wataulizana ni nani, na hawatahangaika kutafuta. Woga haukai, mwanangu. Ukichoka unakuwa kisu. Nisipoukataa leo, wewe ndiye utakayekatwa."

 Hidaya aliketi chini, akalia, lakini hakulia kwa kumlaumu mtu.

Abeid alikohoa. "Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Nakwenda Kisaki."

"Watakupiga mawe."

"Wanaopiga mawe ni watu wasioogopa. Hawa hawatanisogelea."

Alifikiri ataachwa aende peke yake. Abeid alikuwa mtu wa kungoja mambo yapite. Lakini alfajiri alimkuta uani amevaa viatu, panga lake limefungwa kwenye gunia.

"Jiko limeungua," alisema kama anayejitetea. "Kuna kazi ya fito na miti. Wewe hujui kufunga fito."

*

Walimkuta Abdulatif amekwisha fika kutoka mjini, kifua wazi, anachimba mashimo ya nguzo pale palipokuwa na jiko. Aliwaamkia wote wawili, akasita, akamtazama Mwanvita machoni.

"Karibu, mama. Lakini shangazi..."

"Najua, baba. Udongo mnachota wapi?"

Akamwonyesha. Mwanvita alifunga kanga kiunoni, akavua viatu, akashuka kwenye shimo la udongo. Mvumo uliopasuka ulikuwa umesimama juu yao, mweusi upande mmoja. Aliutazama mara moja tu, kisha akamwaga maji na kuanza kukanyaga.

Majirani walikusanyika mbali, chini ya upenu wa nyumba ya pili.  Mwajuma mwenyewe alikuwa kwenye mkeka barazani kwake, mkono umefungwa bandeji nyeupe za zahanati, na Mwanvita alipokwenda kumpa pole, Mwajuma alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mwanvita hakulazimisha. Alisema pole kutoka pale alipokuwa, akarudi kwenye udongo. Asubuhi nzima Abeid na mkwewe mtarajiwa walifunga fito, naye akakandika, konzi kwa konzi, akisawazisha kwa kiganja, kama jiko ni la kwake. Jua lilipokuwa kali mgongo ulimuuma, na mtu hakumletea maji ya kunywa. Alikunywa ya kukandikia.

Ukuta wa kwanza ulipofika usawa wa kifua, sauti ilitoka barazani.

"Mwanvita."

"Abee, dada."

"Nijibu mbele ya watu hawa. Uliituma?"

 Mwanvita alijinyoosha, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko.

"Nilisema maneno kwenye simu," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwao. "Maneno mabaya, na nilikusudia yakuume. Kwa hayo nimekuja. Radhi nakuomba, dada, radi siijui. Ile uliyoiona kwangu ilitoka kwenye mnara ikapanda. Hii imetoka winguni ikashuka. Hakuna hata moja iliyoniuliza."

"Kila mwenye nayo husema hivyo."

"Ningekuwa nayo, Mwajuma, ningekandika jiko la mtu juani? Si ningekaa tu nyumbani, watu waniletee unga na mahari? Salum alileta sinia limejaa. Muulize liko wapi."

 Inaonekana hilo Mwajuma alikuwa analizungusha kichwani tangu sinia liliporudi, na hakupata pa kuliweka. Mwanamke mmoja chini ya upenu alimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona sana, "Kweli, mchawi gani anakataa hela?" na mwenzake akaguna.

Saa za alasiri wingu likakusanyika tena. Lilikuja haraka, jeusi, na ngurumo ya kwanza ikawafukuza wote. Majirani waliokuwa karibu walijazana kwenye nyumba ya Mwajuma kwa sababu ilikuwa ya bati na matofali. Mwanvita naye aliingia, maana hakuna pengine pa kuingia. Chumba kilikuwa kidogo na watu walikuwa wengi, lakini kumzunguka yeye palibaki nafasi ya mtu kulala. Alisimama katikati ya nafasi hiyo, akichuruzika udongo, na hakuinamisha kichwa.

Mwanahawa, binti wa Mwajuma, alikuwa amemwachia mama yake kichanga chake akakimbilia nje kuanua mpunga. Radi ikapiga mahali karibu, nyumba ikajaa weupe, na kichanga kikaanza kupiga kelele. Mwajuma alijaribu kukihamishia upande wa mkono mzima, mkono uliofungwa ukagusana na blanketi, akauma meno kwa maumivu. Mtoto aliteleza kidogo. Wanawake wawili walinyoosha mikono kumpokea.

Mwajuma aliwatazama hao wawili. Akatazama nafasi iliyokuwa katikati ya chumba.

"Futa mikono," alimwambia Mwanvita.

Mwanvita alifuta kwenye kanga, mbele na nyuma, mpaka vidole vikaonekana. Alivuka ile nafasi hatua chache, akainama, akampokea mtoto. Alimlaza kifuani, akaanza kumpigapiga mgongo na kumwimbia kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini isiyomjali mtu. Radi nyingine ikapiga. Mtoto alishtuka, akamshika kanga, akatulia. Kisha akamkojolea, na mkojo ukachora mstari kwenye udongo uliokauka kiunoni mwake. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Abeid alicheka. Kicheko kikaenea, na wakati kinaenea watu walisogea bila kujua, mmoja akaketi karibu na miguu ya Mwanvita kwa kuwa amechoka kusimama.

Mlango ukasukumwa. Mwanahawa aliingia amelowa chapachapa, gunia la mpunga begani, macho yakaenda moja kwa moja kwenye mikono mitupu ya mama yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa mkwe mwenzangu," alisema Mwajuma. "Funga mlango, mvua inaingia."